Aliyeponea Chupuchupu

Sista mkuu wa wodi yetu ya wazazi, pale Machakos, hakumgusa mama yeyote kabla ya kuipasha mikono yake joto kwapani. Mimi nami, muuguzi chini yake, nikaanza kufanya hivyo, lakini akina mama waliotoka Kathiani waliendelea kumuulizia yeye. Nilimwonea wivu, hata kwa sauti yake ya chini ambayo wodi nzima iliisikia.

Asubuhi moja mama aitwaye Mwelu alijifungua, kisha akavuja damu mpaka midomo ikawa rangi ya jivu. Tulipambana hadi damu ikakata. Tulipoona amefumbua macho, wauguzi tukaanza kuimba.

"Mama akifa tunakaa chini tunaulizana," sista akatukatiza. "Huyu ameponea chupuchupu, nanyi mnaimba. Hilo pia ni tukio la kuchunguzwa. Tukae."

Tukakaa. Nilijua sikukosea, nikangoja kusikia jina la mwingine.

"Mimi ndiye niliyechelewa," akasema. "Niliiona damu, nikadhani ni ya kawaida."

Kisha akaenda kitandani kuwaambia Mwelu na mama mkwe wake maneno yayo hayo. Nilisimama mlangoni nikitamani afokewe. Mama mkwe alikaza uso. Halafu akamsogezea kiti.

"Keti, sista. Sasa niambie, tukifika nyumbani niangalie nini?"

Sista akaketi, wakaanza kuzungumza kama ndugu. Hakuna aliyeniuliza chochote. Nikaenda kutandika vitanda.