Injini ya Mama Kamikazi na Koti la Faradji

Ukimsikiliza Faradji mwenyewe, kati ya ziwa na volkano hakukuwa na fundi mwingine wa injini. Ikiletwa moja kibandani kwake Mbugangari, ng'ambo ya mpaka kutoka Goma, kwanza alifungua tangi, akainama, akavuta harufu ya mafuta, macho ameyafumba kama padri mbele ya divai. Mwaka ule wa tisini na tisa, esansi nyingi, yaani petroli, ilivuka kutoka Goma kwa madumu, na wauzaji wengine waliitia maji bila haya. Pua yake iliwajua wote. Akishanusa, mfuniko aliutia mfukoni, injini ikawashwa, na majigambo yakaanza.

Ila mashine ya kusaga mtama ya Mukabera, yaani Mama Kamikazi, ilimtia aibu. Kibandani injini yake ilinguruma kama fahali wa Mudende. Ikirudishwa kwa mwenyewe, ilinguruma vilevile mpaka mtama uingie. Hapo ilikohoa, ikalegea, ikazima. Faradji alisafisha kabireta. Akabadilisha buji, ile plagi ya cheche. Akakung'uta chujio la hewa kama mkeka wenye kunguni. Ikarudi, ikazima. Kwenda kwenye mashine kuiona ikizima hakwenda, kwa sababu moja nzito: alikuwa na koti jeusi la ngozi, na unga haulionei huruma koti jeusi.

Mama Kamikazi akachoka, akamwita fundi wa Goma. Na fundi huyo alikuwa nani? Bizimana, mume wa dada yake Faradji! Alifika asubuhi na chukudu, lile baiskeli la mbao lisilo na pedali, tayari kubeba injini. Faradji akaja mbio, koti na yote. Injini ile ikivuka mpaka, kila karamu ya ukoo angeila nyama yake pamoja na hadithi hiyo.

"Shemeji, usikasirike," Bizimana alisema. "Nikiitengeneza nitakuita ukuje kuangalia. Bure."

"We? Chukudu yako haina hata injini, na bado inakushinda kwenye mulima!"

"Mutagombana mpaka mutama uote kwenye beseni?" mwanamke mmoja wa foleni aliuliza.

"Mama Kamikazi, niachie niiwashe hapa," Faradji aliomba. "Mara moja tu."

Akafungua tangi, akanusa, mfuniko mfukoni. Injini ikawaka. Mtama ukaingia, unga ukatoka, beseni likajaa. Faradji akanyoosha mikono kama mtu anayesubiri kubebwa juujuu.

"Weee! Unga unaingia kwenye tangi!" Mama Kamikazi akauchomoa mfuniko mfukoni mwa Faradji, akatandaza mfuko wa nailoni juu ya mdomo wa tangi, akakandamiza mfuniko juu yake, akakaza kwa nguvu zote. "Mi nafungaka hivi kila siku. Unga hauingie."

Mtama ukaendelea kidogo. Injini ikakohoa. Ikalegea. Ikazima.

Faradji akaufungua mfuniko, na tangi likavuta hewa, fyuuu, kama mtu aliyeibuka kutoka ziwani. Hapo akaelewa. Mfuniko una tundu dogo la kupitisha hewa, maana mafuta hayashuki ikiwa hewa haiingii nyuma yake. Nailoni ililiziba tundu. Bila mzigo, injini ilikunywa kidogo ikavumilia. Mtama ukiilemea, kiu ikazidi na tangi halikutoa kitu. Na kibandani? Kibandani haikuzima hata siku moja, kwa sababu...

Bizimana naye alikuwa ameelewa. "Shemeji," alisema polepole, "kule kwako mufuniko inakaaka wapi?"

Foleni nzima ikautazama mfuko wa koti.

"Donc, ni kusema," Mama Kamikazi akasema, "mi nanyonga injini, na we unaipa dawa ya kikohozi?"

Faradji alitafuta uongo. Esansi ya Goma? Baridi ya Bugeshi? Injini ilikuwa pale pale, bado haijapakiwa kwenye chukudu.

"Ndiyo, mama," alisema.

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akamwaga mtama. Mama Kamikazi akachana kipande cha kitenge chepesi, akafunika tangi badala ya nailoni, na injini ikasaga mpaka beseni la mwisho, Faradji akiilinda kando, mweupe kwa unga, koti na yote, kama mkate ambao haujaiva.

Injini haikuvuka mpaka. Habari zilivuka. Bizimana alizipeleka Goma juu ya chukudu tupu, akisimama njiani kumweleza kila aliyeuliza anacheka nini, na hata wasiouliza.