Jiwe nililoligeuza ukuta wa jiko ili kuokoa bajeti

Wakuu, heshima kwenu nyote, wadogo zangu nanyi nawasalimu.

Haya yametukuta nyumbani kwetu. Sijatia chumvi, na aliyeishi Mwanza atanielewa haraka.

Nyumba yangu iko Mabatini, kule juu ambako tumejibanza katikati ya mawe. Jiko letu lilikuwa kichumba cha moshi tu. Mke wangu, Mama Neema, aliweka akiba kwenye kikoba mwaka mzima ili tulifanye la kisasa: sinki, kabati, kaunta, tiles.

Tukakaa kupanga bajeti. Kila tukijumlisha, ukuta mpya wa nyuma unatuangusha. Ama ukuta, ama tiles.

Fundi akaja, akalitazama jiwe la nyuma ya jiko, kubwa kupita lori la Fuso, akacheka.

"Baba Neema, Mungu keshakujengea ukuta. Tofali za nini? Bati tunaliegemeza hapa hapa."

Tukaona tumelamba dume.

Tatizo, jiwe lilikuwa na tumbo kwa chini, kaunta haiingii. Fundi akafanya kama tunavyofanya huku: moto wa kuni na matairi chakavu, kisha maji, kisha nyundo. Likapasuka vizuri, hata kokoto hatukununua.

Sasa kwa wasiojua: mengi ya mawe ya huku hayajaota ardhini. Yamekalia mawe wenzake, kama sufuria juu ya mafiga.

Lile tumbo ndilo lililokuwa limelalia jiwe la chini. Sisi tulivunja figa.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu, wageni wanapitishwa jikoni kabla ya kukaa. Kisha mlango wa kabati ukagoma kufunga. Nikamfokea seremala, akaja akauranda. Ukagoma tena. Tile ikapata ufa, nikasema ni feki.

Jumapili moja tumetoka kanisani, mvua ikashuka. Mama Neema anakaanga sato, mtoto mgongoni. Mimi niko sebuleni.

Nikasikia mlio mfupi, mzito, ukapita chini ya miguu. Vikombe vikalia kabatini.

"Mama Neema, toka!"

"Ngoja nigeuze samaki."

"TOKA!"

Nilimvuta na mwiko wake mkononi. Wakuu, niliogopa. Nina ndevu zangu, lakini sikuthubutu kurudi ndani, nikabaki pale uani mvua inaninyeshea.

Ilipopungua nikazunguka nyuma. Chini ya jiwe kulikuwa na mstari mweupe, safi, hauna ukungu wala uchafu, upana wa vidole viwili. Ndipo lilipokuwa limekaa miaka yote.

Lilikuwa limeteleza vidole viwili kuja kwetu.

Tumehamia kwa dada yangu, Butimba. Kulipunguza jiwe kutokea juu, bei tuliyotajiwa inapita jiko zima. Nimeamua jiko libomolewe, heri nusu shari. Mama Neema hataki hata kusikia.

Usiku wa Jumapili ile aliniambia jambo.

"Mchanga ulikuwa unadondoka nyuma ya sinki kila nikipika. Nilijua."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza.

"Hela ilikuwa imeshaisha, Baba Neema. Ungebomoa jiko."

Yaani alikuwa anapika pale, mtoto mgongoni, huku anausikiliza ule mchanga.

Nilichojifunza: ukijenga kwetu, jiwe liingie kwenye bajeti kabla ya tiles. Na mkikaa kupanga, ulizaneni pia mnaogopa nini. Sisi tuliulizana bei tu.

Mwenye uzoefu wa kushusha jiwe bila moto aje atie neno, matusi nitayasoma baadaye.

Ila jibuni upesi. Juzi nilimkuta Mama Neema amerudi kule jikoni peke yake, anafuta vumbi kwenye tiles. Leo wingu limejaa upande wa ziwa, hapa kwa dada simwoni, na simu yake ameiacha mezani.

Ngoja niende.