Cheti cha Asilimia Mia

Kazini walimwita Mwewe, na jina likamkaa. Kwa miaka saba alirusha droni juu ya machimbo ya mawe, akipiga picha za marundo ili ofisi ijue kokoto imebaki kiasi gani. Mikono yake ilikuwa myepesi, kichwa chake kigumu. Kila baada ya miaka miwili marubani wa droni walitakiwa kurudia mafunzo mtandaoni, bure kabisa, saa mbili tu za kukaa kitako. Mwewe akae kitako? Thubutu!

"Mama watoto, hebu nibonyezee maswali haya ya mafunzo," alimwambia mkewe, akimsukumia simu. "Ukikosea wanakuonyesha jibu, unarudia mpaka uyapate yote."

"Si unatakiwa ujifunze wewe?"

"Nijifunze nini? Mimi ndiye wa kuwafundisha wao!"

Wenzake nao walifanya vivyo hivyo. Mmoja alimpa mama mkwe. Mke wa Mwewe akabonyeza, cheti kikaja: asilimia mia.

Mwezi uliofuata droni ilizimika hewani, ikamwangukia shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa akielekeza malori. Kofia ngumu ilikinga kichwa, haikukinga uso. Jicho la kushoto halikuokolewa. Na kazi ile alitafutiwa na Mwewe mwenyewe, maskini.

Kwenye kikao cha uchunguzi, mkaguzi aliweka betri mezani. Ilikuwa imevimba ubavuni. Mwewe aliuona uvimbe huo asubuhi ile, akadhani ni joto tu, akaizungushia selotepu na kurusha.

"Kama hukujua hatari yake, leseni inasimama miezi sita," mkaguzi alisema. "Kama ulijua, hurushi tena, na unakwenda mahakamani." Akageuza karatasi. "Kwenye mafunzo uliulizwa betri ikivimba ufanye nini. Ukajibu isirushwe kamwe. Ulijua?"

Hakujua. Lakini angesema hivyo, wangeuliza ni nani aliyejibu, na lawama ingemwangukia mkewe. Nyuma yake alikaa mkewe, ubavuni mwa kaka yake mwenye bandeji. Uvivu wa saa mbili tu, jamani!

"Nilijua," Mwewe alisema.

Shemeji yake akasimama. "Ulijua, shemeji? Ukairusha juu yangu?"

Mwewe aliitikia kwa kichwa. Mkewe akafungua mdomo, akaufunga, kisha akamshika kaka yake mkono wakatoka.