Kaya Isiyo na Baba

Kiwanda chetu kilikuwa Themi, na kazi yake ilikuwa mablanketi. Tulifuma ya kulalia, na tulifuma pia yale mazito ya mistari ambayo wafugaji wa upande wa magharibi wa Mlima Meru hujifunika asubuhi za baridi wakitoa ng'ombe zizini. Niliingia pale kijana, sijaoa, nikianza kwa kufagia nyuzi chini ya mitambo, nikaishia kuwa msimamizi wa shifti katika idara ya kufuma. Mke wangu nilimpata humo humo. Alikuwa meza ya ukaguzi, akipitisha viganja juu ya kila blanketi kutafuta mahali uzi ulipokatika. Tulipooana aliacha kazi, akafungua genge la mboga mbele ya nyumba tuliyojenga Sakina, nyuma kidogo ya barabara ya Nairobi.

Ni yeye aliyeliona blanketi la nje kabla yangu. Jioni moja alilileta ndani likiwa kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu na mkono wa kubebea, limechapwa waridi kubwa jekundu.

"Lishike," aliniambia.

Nililishika. Lilikuwa laini kama mgongo wa paka. Nikamwambia litanyonyoka likifuliwa mara mbili.

"Litanyonyoka," alikubali. Alikuwa mkaguzi, hakuhitaji kufundishwa. "Lakini kwa bei ya lenu moja mtu ananunua haya matatu."

Baada ya hapo niliyaona kila mahali. Yalipangwa juu ya maturubai kando ya barabara, yalining'inia kwenye maduka ya stendi, yalitandikwa hata kwenye kitanda cha mchungaji wetu nilipokwenda kumwona akiumwa. Kiwandani wakaondoa shifti ya usiku. Kisha wakaondoa ya mchana, ikabaki moja. Kisha asubuhi moja tukakuta geti limefungwa kwa mnyororo, na meneja amesimama nyuma yake akiongea nasi kupitia vyuma.

"Hatujafunga," alisema. "Tumesimamisha uzalishaji. Mtaitwa."

Tulicheka kidogo kwa kuwa hatukujua la kufanya. Sikujua siku ile kwamba maneno hayo mawili, kufunga na kusimamisha, yangekuwa na tofauti kubwa kiasi kile maishani mwangu.

Haikupita muda mrefu serikali ikatuma afisa kuzungumza nasi. Tulikusanyika chini ya paa la mahali malori yalipokuwa yakipakia. Alikuwa kijana mwenye adabu, alitusalimia shikamoo sisi wenye mvi, na alituambia kwamba serikali inawajali wafanyakazi waliokosa kazi kwa sababu ya bidhaa za nje. Tukapiga makofi. Akasema ipo mikopo ya halmashauri: ya wanawake, ya vijana na ya watu wenye ulemavu.

Nilinyoosha mkono. "Na sisi wanaume wa umri huu, wazima wa viungo, tuko kundi gani?"

Aliniangalia kwa tabasamu. "Mzee wangu, nyie mna uzoefu."

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka. Ni baadaye, nikiwa natembea kurudi Sakina, nilipotambua kwamba hakunijibu.

Lilikuwepo pia fao la mtu aliyepoteza ajira, la kutoka kwenye mfuko tuliokatwa mshahara kuuchangia miaka yote. Nilikwenda kuuliza. Mama wa kaunta alikuwa mpole sana.

"Baba, umeachishwa kazi?"

"Kiwanda hakifanyi kazi, mama."

"Sijauliza kiwanda. Nimeuliza wewe. Mwajiri wako anasema wewe bado ni mfanyakazi wake. Uko likizo isiyo na malipo."

"Likizo ya mpaka lini?"

"Hilo mwulize yeye."

Nilimwuliza meneja. Akaniambia hawezi kuniachisha, maana akiniachisha itabidi kiwanda kitamke kwamba kimekufa, na wenye kiwanda hawajatamka. Nikatoka pale nikiwa mtu mwenye kazi. Nilikuwa na kazi kwa serikali, nilikuwa na kazi kwa mwajiri, ila nyumbani tu ndiko nilikokuwa sina.

Tuliuza televisheni. Tukauza makochi. Genge la mke wangu lilikuwa likitulisha kwa kile kilichonyauka bila kununuliwa. Binti yetu mkubwa alikuwa ameolewa Moshi na maisha yake yalikuwa magumu vilevile; tulibaki na mdogo, wa darasa la tano, ambaye alianza kusema hana njaa hata kabla hajaulizwa.

Ndipo balozi wetu wa nyumba kumi, mama mmoja mjane tuliyemheshimu, alipokuja kutuambia kwamba mtaa unaandikisha kaya maskini za kupewa ruzuku. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kwa kuwa viti vilikuwa vimekwisha, akatazama kuta zetu ambazo hazijapigwa plasta.

"Nyumba si tatizo," alisema. "Nyumba hailiwi. Tatizo ni wewe, baba."

"Mimi?"

"Kaya yenye mwanamume mwenye nguvu haipiti. Watu hawatakubali mkutanoni. Lakini mama akiwa peke yake na mtoto, atapita." Akashusha sauti. "Mseme baba hayupo."

Nilikataa. Nilisema maneno mengi siku ile, ya heshima, ya ndoa ya kanisani, ya jina. Mke wangu alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, bila ukali wowote, "Sawa. Basi wewe niambie kesho tunakula nini, na mimi sitakwenda."

Akaenda.

Mkutano ulifanyika kiwanja cha ofisi ya mtaa, nyumba mbili kutoka kwetu. Kwa sababu ya kelele za barabarani walitumia kipaza sauti. Mimi nilikuwa ndani, nimekaa ukingoni mwa kitanda, mlango umefungwa na pazia limeshushwa, mchana kweupe. Nilisikia majina ya majirani yakisomwa, na watu wakijibu "anafaa" au "hafai". Kisha likasomwa jina la mke wangu.

"Mama, mume wako yuko wapi?" aliuliza mwenyekiti.

"Aliondoka."

"Alikwenda wapi?"

"Sijui. Kiwanda kiliposimama, aliondoka."

Mimi nilikuwa nikiziangalia soksi zangu. Nilijua kila mtu pale anajua niliko. Nilikuwa nimenunua chumvi dukani asubuhi ile ile. Nikaomba, Mungu anisamehe, asitokee wa kusema. Akatokea mmoja, na nilimtambua kwa sauti: jirani tuliyeimba naye besi kwaya ya usharika.

"Mwenyekiti, naomba nichangie," alisema. "Huyu mama ameteseka. Yule bwana alikuwa mtu wa pombe. Mshahara wote wa kiwandani uliishia kwenye mbege. Kuondoka kwake ni nafuu. Mimi nasema anafaa."

"Anafaa!" waliitikia watu. Wengine walipiga makofi.

Mimi sijawahi kuonja mbege hata kwenye sherehe, na yeye alijua, maana kwenye harusi tulikuwa tukigawana soda moja. Alikuwa akitusaidia. Wote walikuwa wakitusaidia. Sijawahi kusaidiwa kwa uchungu namna ile.

Mke wangu aliporudi alianza kumenya ndizi bila kunitazama.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sikumtuma aseme vile."

"Najua."

"Asingesema, tusingepita." Kisu kilisimama mkononi mwake. "Watakuja kukagua nyumba. Hawasemi siku."

Basi nikafunga begi nikaenda Kikatiti kwa mama yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Begi la nini?"

Nilimweleza. Mama ni mtu wa Meru wa zamani, Kiswahili chake ni kifupi, na siku hiyo kilikuwa kifupi zaidi. "Nilizaa mtoto wa kiume," alisema. "Serikali inataka afe ndiyo imlishe mke wake?" Akanipa jembe.

Nililima shamba lake la mahindi, ila mvua za mwaka ule zilikuwa za kutishia tu. Siku za gulio nilitafuta kibarua cha kushusha mizigo. Mfanyabiashara mmoja Mchaga aliona ninavyokunja nguo akaniuliza kama najua kuuza. Nikasema najua. Akanifungulia robota. Yalikuwa mablanketi ya waridi.

Niliyauza. Nasema hivyo kwa sababu kuna wenzangu wa kiwandani ambao mpaka leo hawaamini. Nilisimama sokoni Kikatiti nimejitupia begani bidhaa iliyoniua, nikiita wateja. Mzee mmoja mfugaji alikuja akalipima kwa vidole.

"Zamani kulikuwa na yale ya mistari," alisema. "Ya Themi. Yako wapi?"

"Yameisha, mzee."

"Hili ni zuri?"

"Ni jepesi," nilimjibu.

"Ndiyo," alisema, akafurahi. "Hata kulibeba si kazi." Akanunua mawili.

Nyumbani Sakina nilikwenda mara chache, nikiwa nimebeba mahindi au maharage. Mara moja kati ya hizo niliwakuta na mgeni. Dada mmoja kijana, ana kishikwambi mapajani, amekaa juu ya ile ndoo. Nilikuwa nimeshaingia uani, siwezi kurudi nyuma. Mke wangu alisimama, na niliona jinsi alivyofikiri haraka.

"Karibu, shemeji," aliniambia. Akamgeukia yule dada. "Huyu ni kaka mkubwa wa yule baba. Anatuletea chakula mara moja moja."

"Shikamoo, baba," alisema yule dada.

"Marahaba, mwanangu."

Binti yangu alitoka ndani na kikombe cha maji. Alikuwa amesikia kila kitu. Alipiga goti kidogo kama alivyofundishwa, akanyoosha mikono miwili.

"Karibu maji, baba mkubwa."

Niliyanywa. Yule dada alikuwa ananiangalia kwa wema. "Baba, huyo mdogo wako mnajua aliko?"

"Tunasikia tu habari."

"Mkimwona mwambieni arudi. Mtoto anahitaji baba."

"Nitamwambia," nilisema.

Nikaweka gunia chini, nikaaga kama mgeni, na mke wangu akanisindikiza mpaka njiani kama mtu anavyomsindikiza shemeji. Alinirekebisha kola ya shati, kisha akakumbuka kwamba tunaonekana, akaushusha mkono.

Mwaka uliofuata wenye kiwanda walitamka. Mitambo ilikatwa ikauzwa chuma chakavu, na jengo likapangishwa kuwa ghala. Nimelipita. Linatunza magodoro na mablanketi yanayoshuka na malori kutoka bandarini. Tukaitwa na kupewa barua za kuachishwa, nami nikaenda tena kwenye mfuko nikiwa sasa sina kazi kikamilifu. Mama wa kaunta hakuwa yule wa mwanzo, lakini upole ulikuwa ule ule.

"Baba, michango yako ya mwisho ni ya zamani sana. Fao hili mtu huliomba mara tu anapokosa kazi. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa likizo," nilimwambia.

Alidhani namdhihaki.

Shule zilipofungwa binti yetu alikuja Kikatiti kumsalimia bibi yake. Siku ya gulio nikaenda naye sokoni. Alikuwa akinikunjia mablanketi, tunacheka, ana mikono myepesi kama ya mama yake. Mteja mmoja alitaka lile lililokuwa juu ya kamba. Binti yangu akageuka akaniita:

"Baba mkubwa, nishushie lile la bluu."

Hapakuwa na afisa pale. Hapakuwa na mtu hata mmoja wa Sakina. Lilimtoka tu, kama neno la kila siku, na hakujua kwamba amelisema. Nilishusha la bluu. Niliuza mpaka jioni. Kisha nikamrudishia yule mfanyabiashara robota lake, nikamwambia sitakuja gulio lijalo.

Mama aliniona nikifunga begi akasema, "Wamekuruhusu kuishi?" Kisha akanifungia maharage ya mbegu kwenye kitambaa.

Nilirudi Sakina na mtoto. Mke wangu hakupiga vigelegele wala hakunifukuza. Aliuliza kama nimefikiri, nikasema nimefikiri, na kesho yake tukaenda wawili ofisi ya mtaa, maana alikataa kuendelea kupokea ruzuku huku nikitundika mashati yangu kwenye kamba ya nje. Jirani yangu wa kwaya tulimkuta njiani. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mungu ni mwema, ndugu yangu," alisema, macho yamemlegea. "Umeiacha kabisa?"

Ilinichukua muda kuelewa kwamba anauliza habari za pombe. Niliona kwamba ameamini. Alikuwa amelisema jambo hilo hadharani mara moja, na tangu hapo akawa ameliamini kama wengine wote.

"Nimeiacha," nilimwambia.

Ofisini mtendaji alimsikiliza mke wangu, akanitazama mimi kutoka kichwani mpaka viatuni, akacheka kwa furaha ya kweli.

"Hongera sana, mama! Mume amerudi. Hizi ndizo habari tunazotaka kusikia." Akaandika kitu, akasema kaya yetu sasa ina mtu wa kuitunza na nafasi itakwenda kwa mwingine. Akatupa mkono sote wawili.

Tulipotoka, mke wangu alitembea mbele yangu hatua chache, jua likimpiga mgongoni. Nilimfikia kwenye kivuko cha mfereji nikamwuliza kama amekasirika.

"Sijakasirika," alisema. "Nilikuwa nimechoka kuulizwa uko wapi." Akaruka mfereji, akanisubiri upande wa pili. "Sasa wataanza kuniuliza unafanya nini."