Hiyo Usitafsiri, Mwalimu

Mimi nikitafsiri, watu hawasinzii. Sisemi kwa kujisifu, ingawa hata nikijisifu sioni ubaya. Wahubiri wageni wameshafika kanisani kwetu hapa Ishiara na mahubiri ya kulaza watoto, na waumini wakatoka wakifuta machozi. Hayo machozi yalikuwa yangu. Mhubiri anasema kwa Kiswahili kwamba Mungu ni mwema, basi. Mimi kwa Kimbeere, lugha ya hapa kwetu, namchukua huyo Mungu nampeleka shambani, namsimamisha katikati ya ndengu zilizonyauka, namletea wingu. Akiinua mkono nainua, akipiga hatua napiga, akipandisha sauti naipandisha zaidi yake kidogo. Kazi yangu ya mshahara ni kufundisha Kiswahili shule ya upili. Ya Jumapili ndiyo hiyo, na bado sijaona wa kuninyang'anya.

Kwa hiyo pasta wetu alipoamua kuwaita pamoja watu watatu waliokuwa wakitafuta kiti cha MCA, mwakilishi wa wadi yetu kwenye kaunti, hakuhangaika kutafuta mkalimani. Alinipigia simu akaniambia nije na sauti.

Lakini mimi sikuwa naenda kwa sababu ya pasta. Nilikuwa naenda kwa sababu ya fundi.

Fundi ni jirani yangu, mshonaji wa nguo. Alikuja kutoka ng'ambo ya mto na mume na cherehani. Mume akaenda zake, cherehani ikabaki. Sare za watoto wa shule zote za karibu zimepita mikononi mwake. Kibanda chake kilikuwa kwenye soko la zamani, lile la mabati, na kila mtu alijua mabati hayo yanabomolewa. Soko jipya la kaunti lilikuwa limeshajengwa, zuri, la mawe, ila maduka yake yalikuwa machache kuliko wafanyabiashara. Nani ataingia na nani atabaki nje, hilo lilikuwa linangoja MCA mpya na kamati yake. Na mjini maneno yalikuwa yameanza: wenyeji kwanza. Fundi akikosa duka, hana kwingine. Angefunga virago arudi ng'ambo na watoto ambao hawajui njia ya huko, watoto wanaoota ndoto kwa Kimbeere.

"Mwalimu," aliniambia siku moja kabla ya mkutano, akiwa na pini mdomoni, "mimi swali langu ni moja tu. Soko lile ni la nani? Nataka wanijibu nikiwa nimekaa pale mbele."

Na kweli alikaa mbele. Hema zilikuwa mbili nje ya kanisa. Upande mmoja wazee na akina mama wa mashambani, wanaotaka mambo yao kwa Kimbeere. Upande wa pili walimu, wauguzi, polisi wa hapa na wafanyabiashara waliotoka kila pembe, wanaosikia Kiswahili. Pasta alitoa sheria: kila neno litakalosemwa pale mbele litasikika kwa lugha zote mbili, hakuna la kupita pembeni. Wagombea wote watatu wakaitikia kwa kichwa.

Mgombea kijana ndiye aliyeanza. Yeye alikuja na stima. Alionyesha angani kwa kidole: waya zinatoka kwenye mabwawa ya umeme kule chini mtoni, zinapita juu ya mashamba yetu, zinakwenda kuwasha taa za watu tusiowajua, na nyanya yake bado anasomewa Biblia kwa koroboi. Watu wakaguna. Akaahidi pampu za sola kwenye visima na transfoma kila kijiji. Mzee mmoja aliyevaa sweta nzito na jua lote lile akainuka. "Transfoma inaletwa na MCA?" Kijana alikuwa mkweli, maskini, akasema hapana, lakini atapiga kelele mpaka iletwe. "Kelele tunazo," mzee akasema, akakaa. Nilitafsiri huku nikicheka, na hilo pasta alinisamehe.

Wa pili alikuwa mama muuguzi mstaafu. Yeye alituletea bajeti. Alieleza kwamba MCA hana mfuko wa kugawa, kazi yake ni kukaa katika bunge la kaunti, kupitisha bajeti, halafu kuuliza ilienda wapi. Na kwamba ile mikutano ya kutoa maoni tunayokimbia ndiko barabara zetu zinakopotelea. Yote kweli tupu. Nilijitahidi kumpamba, nikashindwa. Bajeti haipambiki! Hata hivyo kura yangu niliamua papo hapo kwamba ni yake.

Wa tatu alikuwa mwenye malori. Huyu alijua kusema, wacha nimpe haki yake. Barabara ya vumbi ataiwekea lami. Vijana wa bodaboda atawajengea stegi yenye paa, wasiendelee kunyeshewa kama mbuzi. Daraja litapanuliwa ili lori la maembe na la majani ya muguka yapishane bila matusi. Alikuwa na mapigo, anasimama pale hasa mkalimani anapotaka asimame, nikajikuta namfurahia. Akipiga kifua napiga. Watu walishangilia pande zote mbili.

Ndipo fundi akasimama na swali lake, kwa Kiswahili, bila kutetemeka.

"Soko ni la kila mtu, mama yangu," mwenye malori akamjibu kwa Kiswahili kitamu. "Biashara haina kabila."

Nikaligeuza kwa Kimbeere. Manung'uniko yakaanza kwenye hema ya wazee, na mtu mmoja akapiga mluzi wa dharau. Mwenye malori si mjinga. Aliona kura zinamtoka miguuni. Akageukia upande ule, akaweka mkono mfukoni, akatabasamu, akasema kwa Kimbeere kwamba wasiwe na wasiwasi: maduka mapya yatajazwa na watoto wa udongo huu, na wale waliovuka mto na mifuko yao wataonyeshwa njia waliyojia. Kwani hiyo lami anaiweka ya nini? Anaiweka wafike kwao haraka.

Loo, walicheka! Walipiga makofi, wengine wakapiga viti. Naye akashusha maikrofoni, akaniinamia, akanong'ona kwa upole kabisa, kama mtu anayenisaidia kazi.

"Hiyo usitafsiri, Mwalimu. Hiyo ni ya nyumbani."

Ya nyumbani! Kila mtu huku kwetu anayajua maneno ya nyumbani. Unayasikia kwenye dirisha la ofisi, kwenye harusi, kwenye foleni ya kliniki. Lugha inabadilika ghafla, wenyewe wanacheka, na mgeni anaangalia viatu vyake akingoja warudi. Hakuna anayeona ni kosa. Upande wa Kiswahili wote walikuwa wananitazama, na fundi pale mbele alikuwa ananitazama pia, na tabasamu la mtu anayengoja kuambiwa kichekesho ni kipi.

Nilikasirika. Sitadanganya kwamba nilimkasirikia kwa niaba ya fundi kwanza. Kwanza nilikasirika kwa ajili ya kazi yangu. Nani wewe wa kunichagulia? Halafu nikamwangalia fundi, hasira ikashuka ikaingia mahali pengine, pazito zaidi. Nikachukua maikrofoni.

Niliweka mkono mfukoni kama alivyoweka. Nilitabasamu kama alivyotabasamu. Nikasema kwa Kiswahili: watoto wa udongo huu, mto, mifuko, njia waliyojia, lami ya kuwafikisha kwao haraka. Sikupamba hata neno moja.

Watu ni wale wale, maneno ni yale yale, lakini makofi hayakuwepo tena. Mama mmoja wa ile hema ya wazee, ambaye watoto wake wote wamevaa sare za fundi, alikuwa amepiga kiti kwa furaha dakika ile tu. Sasa alikuwa anatafuta kitu ndani ya mkoba wake na hakipati. Ni rahisi kumcheka mtu aliyekaa mbele yako kama una hakika hasikii.

"Mwalimu ameongeza chumvi!" mwenye malori akapiga kelele.

"Chumvi ipi, Mheshimiwa? Wazee wako hapa, waulize."

Pasta akawauliza. Mzee wa sweta akakohoa, akaangalia chini. "Ni hivyo hivyo alivyosema," akajibu. "Hakuongeza."

"Basi ulikuwa utani," mwenye malori akasema, akijifuta shingo.

Fundi alikuwa bado amesimama. "Utani sijaukataa, Mheshimiwa. Nauliza tena. Sisi tulio sokoni sasa, tutaingia ama hatutaingia?"

Mwenye malori akaangalia hema hii, akaangalia ile. Yule mama wa mkoba akaufunga kwa nguvu, akasimama. "Jibu!" akasema. "Na ujibu kwa lugha zote mbili, sisi hatutaki kuaibishwa hapa." Na wengine wakadakia, jibu, jibu, mpaka pasta akainua mikono.

"Wataingia," mwenye malori akasema kwa Kiswahili, sauti imeisha utamu. "Walio na vibanda sasa wataingia kwanza."

Hiyo sasa nilipewa mimi niipeleke kwa Kimbeere, na hapo ndugu zangu nilipamba! Niliwajengea duka lenyewe pale mbele ya macho yao. Niliweka sakafu, niliweka mlango wa chuma, nikaweka kufuli na ufunguo mkononi mwa kila mwenye kibanda. Nikarudia mara ya pili, kwa wale wa nyuma. Mwenye malori alinitumbulia macho, lakini angesema nini? Maana yenyewe ilikuwa ile ile.

Alishinda. Msinitazame hivyo, mimi kura nilimpigia muuguzi. Malori yalishinda bajeti, na lami mpaka leo tunaingoja. Lakini siku ya kugawa maduka, kamati ilipoanza kusoma majina ya watu ambao hatujawahi kuwaona wakiuza hata nyanya, yule mama wa mkoba alisimama tena na akina mama wenzake nyuma yake. "MCA alisema mwenye kibanda anaingia kwanza! Alisema mlango wa chuma! Alisema kufuli!" Na wote wakaimba kufuli, kufuli. Mheshimiwa, ambaye maishani mwake hajawahi kutamka neno kufuli mbele ya watu hao, aligeuka akaniangalia. Mimi niliangalia paa, nikaona limejengwa vizuri. Karatasi ya majina ikakunjwa, wakaanza upya, na fundi akaingia na wenzake wa vibanda.

Jioni hiyo nilimsaidia kuhama. Tulikuwa tumepumzika mlangoni, meza ya cherehani katikati yetu, aliponiambia kitu kwa Kimbeere. Si Kimbeere cha salamu. Kimbeere kizima, chenye lafudhi ya ng'ambo, kisichokosa kitu.

"Siku ile nilimsikia," alisema.

Nilimkodolea macho. "Wewe! Unasikia tangu lini?"

"Tangu watoto wangu waanze kucheza na wako. Kusema ndiko ninakoona haya."

"Na ulikaa pale unatabasamu hivyo? Si ungemjibu mwenyewe?"

"Yeye sikuwa na shida naye. Yeye nilishamjua." Alipangusa vumbi kwenye meza kwa kiganja, taratibu. "Nilikuwa nakungoja wewe. Ungesema kitu kingine, ningehama usiku ule ule, hata duka wanipe."

Nikainama nikashika upande wangu wa meza, naye akashika wake, tukaiingiza ndani.