Mtoto Ambaye Mheshimiwa Hakumbeba

Leandros Kapsalis aliingia bungeni Athene akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, kwa kiti kilichokaliwa na babu yake na kisha baba yake. Hakuwahi kuwa waziri. Kazi yake halisi ilikuwa jimboni, katika vijiji vyetu vya milimani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kubatiza, yaani kuwa baba wa ubatizo wa watoto wa wapiga kura. Familia iliyompa mtoto wake ambebe kanisani ilimpa pia kura za ukoo mzima.

Baba yake alimwachia sharti moja: abatize wavulana tu. Kwa kanisa letu, watoto waliobatizwa na mtu mmoja ni ndugu, nao hawaoani. Leandros alilishika sharti hilo hadi uchaguzi wa 1990, alipoogopa kushindwa. Mkulima mmoja mwenye ukoo wa kura arobaini alimletea binti, Evanthia, naye akakubali.

Siku ya ubatizo alichelewa. Alikuwa kijiji cha pili, katika mkahawa uliojaa wapiga kura. Padre alisubiri saa mbili, maji yakapoa, mtoto akalia. Hatimaye Stamatia, shangazi wa mtoto, mshonaji asiye na mume wala watoto, alimchukua, akatamka Kanuni ya Imani kwa niaba yake na kumpaka mafuta, kazi ya mzazi wa ubatizo. Mbunge alifika nyama ya karamu ikikatwa. Baba wa mtoto, ambaye hakutaka kupoteza heshima ile, alimsihi padre aandike jina la Mheshimiwa katika kitabu cha ubatizo. Leandros alitia sahihi, akapigwa picha. Stamatia aliombwa anyamaze, akanyamaza.

Tangu hapo, kila Pasaka, katibu wa Mheshimiwa alimpelekea Evanthia mshumaa na viatu, zawadi za desturi za baba wa ubatizo. Mimi, mwalimu wa kijiji, nilimfundisha binti huyo miaka sita, na sikumbuki viatu vile vikimtosha hata mara moja. Gauni lake la Pasaka lilimkaa sawasawa, kwa kuwa lilishonwa na shangazi yake.

Miaka ishirini na sita baadaye, Evanthia aliingia ofisini kwa Leandros pamoja na mchumba wake, Fotis. Askofu amekataa kuwafungisha ndoa, walieleza, kwa sababu wote wawili ni watoto wa ubatizo wa Leandros. Ndoa ya kiserikali, katika ukumbi wa halmashauri, ilikuwapo, lakini mama yake Evanthia alikuwa ameapa kutokanyaga huko.

"Baba, kazi ulinipatia kwa simu moja," Fotis alisema akicheka. "Mpigie na huyu mwenye ndevu."

Leandros aliahidi kujaribu. Hakupiga. Wiki tatu alizunguka na ukweli uliotosha kuwaozesha, akiona aibu kuutamka. Alikuwa amejisifu majukwaani kwa watoto wake mia mbili wa ubatizo. Sasa alijiuliza ni wangapi anaowajua kwa sura. Usingizi ulimpotea. Aliposikia kwamba Evanthia amerudisha kitambaa cha gauni la harusi dukani, ndipo alipokwenda kwa Stamatia.

Alimkuta kwenye cherehani. Alimweleza kwamba atakiri, na kwamba Askofu atahitaji shahidi. Stamatia hakuinua macho.

"Kaka yangu ataaibika," alisema.

"Mimi zaidi, dada. Nilikunyang'anya mtoto."

"Ulininyang'anya," Stamatia alijibu, akakata uzi.

Mbele ya Askofu, Leandros aliulizwa ni nani aliyetamka Kanuni ya Imani kwa ajili ya binti yule.

"Shangazi yake. Mimi nilikuwa nakunywa kahawa na watu wengine."

Askofu alimwomba aandike maneno hayo na kuyatia sahihi. Stamatia alitia yake chini. Jina kitabuni likasahihishwa, na habari ikafika kijijini kabla ya gari la mbunge.

Harusi ilifungwa Septemba. Leandros alikuja bila kualikwa na mtu yeyote isipokuwa Fotis, na kwa mazoea ya miaka mingi akatembea moja kwa moja hadi mbele, mahali pa msimamizi anayewabadilishia maharusi mataji vichwani. Stamatia alimfuata polepole, amevaa viatu vipya.

"Miaka ishirini na sita nimesimama nyuma, Mheshimiwa," alimwambia kwa sauti ya chini. "Leo nipishe."

Alimpisha. Alirudi nyuma hadi karibu na mlango, na ibada nzima aliisikiliza akiwa pale, macho sakafuni.