Miaka ya Dympna kwa Jina la Malachy

Kwa miaka ishirini na sita Dympna Gilhooly aliendesha gari la nyumbani kwao na hakugonga hata ua la mtu. Mume wake, Malachy, alipenda kukaa kiti cha pembeni, kofia magotini, akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyemwomba. Mnadani kwa ng'ombe, dereva ni Dympna. Kanisani, Dympna. Baa, Dympna, na kumfuata baa usiku wa mvua, nani tena? Lakini bima iliandikwa jina la Malachy, na Dympna akatiwa chini yake kama dereva mwingine anayeruhusiwa. Katika vilima vyote vya Leitrim, wilaya yao, mambo yalikuwa hivyo: gari la mume, kazi ya mke, na sifa zote kwa mume.

Wakati anaolewa alikuwa na kigari chake chekundu, bima yake mwenyewe, na miaka sita safi bila kudai senti. Kila mwaka wa namna hiyo ulimwongezea punguzo, na bei ya bima ilikuwa ikimshukia. Malachy akamwambia, "Mke wangu, nyumba moja, magari mawili ya nini? Miaka yako na yangu si ile ile?" Dympna akakiuza. Alikuwa anampenda, basi tena. Hakuna aliyemwambia kwamba ukikaa miaka miwili bila bima ya jina lako, usafi wako wote unafutwa.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, Malachy akahamia Drumshanbo kwa mjane mmoja aitwaye Bernadine. Akaondoka na gari, maana kwa karatasi lilikuwa lake. Kuondoka kwake Dympna alikumeza. Gari ndilo lililomkaba, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuzunguka vilimani kuwaogesha na kuwalisha wazee wasiojiweza, na huko basi halipandi. Kaka yake akampa Toyota kuukuu. Msimamizi wake, Assumpta, akamzibia zamu za wiki moja.

"Jumatatu uje na gari lenye bima, dada," Assumpta alimwambia. "Usipokuja nalo, njia yako ya wazee nampa mwingine. Sitaki, lakini nitampa."

Dympna akaenda mjini Carrick kwa wakala wa bima. Binti wa pale mezani akamuuliza ana miaka mingapi bila madai.

"Ishirini na sita. Na sita yangu ya zamani."

Binti akabofya, akasoma, akabofya tena. "Hii ishirini na sita ni ya Malachy. Ile ya zamani imekufa. Kwetu wewe ni dereva mpya, mama."

"Mpya? Nilikuwa naendesha kwenye barafu wewe hujazaliwa."

"Sibishi, mama. Lakini ndivyo inavyosoma."

Bei ya dereva mpya ingemeza mshahara wake wa miezi minne. Binti alipoona uso wake, akainama na kusema kwamba ipo kampuni inayokubali mume amwachie mke wake miaka hiyo, mradi aweke saini. Akampa karatasi. Dympna angependa zaidi kung'olewa jino bila ganzi, lakini wazee wake walikuwa wanamngoja, na Jumatatu ilikuwa inakuja. Ijumaa akaomba lifti kwa jirani hadi Drumshanbo.

Bernadine ndiye aliyefungua mlango. "Malachy, una mgeni," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Malachy akatokea na ndala mpya miguuni. Dympna hakumsalimu. "Nataka miaka yangu. Weka saini hapa, niondoke."

Malachy akajikuna shingo. "Ningekupa, Dympna. Haki ya Mungu ningekupa. Ila nimeitumia."

"Umeitumiaje?"

Wiki tatu nyuma alipiga rivasi nje ya duka la pembejeo, akaingia kwenye trela, akashtuka, akakanyaga mafuta badala ya breki, akamvaa daktari wa mifugo. "Lakini bima kubwa ni bima kubwa," akasema, akionyesha gari la rangi ya fedha uani. "Daktari wamemlipa, na mimi wamenipa hilo. Punguzo la miaka ile ndilo limekwenda. Lilinifaa, siwezi kusema uongo."

Dympna akaikunja karatasi. Alitaka kumchapa nayo usoni, mbele ya yule mwanamke na chai yake, na mpaka leo anajuta kwamba hakufanya hivyo. Mvua ilikuwa imeanza. Malachy akachukua funguo, akasema atamrudisha, na kwa kuwa jirani alikuwa ameshaondoka na hakukuwa na basi, Dympna akakubali.

Kabla ya daraja, mguu wa Dympna ukaanza kukanyaga sakafu kama breki. "Punguza, kuna kona. Gia ya pili. Kaa kushoto." Malachy akatii kila neno. Lori la maziwa likapita likiwakosakosa.

"Unaona?" Malachy akacheka. "Ukikaa hapa na mimi, sigongi kitu."

"Nishushe."

"Kwenye mvua hii? Acha hizo."

"Nishushe hapa, Malachy."

Akamshusha kando ya ukuta wa mawe. Gari lilipopotea, Dympna akampigia simu Assumpta. "Njia yangu mpe mwingine," akasema. Assumpta akauliza kama hapo alipo yupo mtu wa kumfikisha nyumbani. Dympna akajibu kwamba yupo, akakata simu, akaanza kutembea.